Zika kwa njia ya kujamiiana: Panya na tumbili wa maabara walitufundisha nini

Dereva anapakia mzigo Bandari ya Dar es Salaam, anaendesha zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, anapanga foleni, anavuka Nakonde na kuendelea kwenda Zambia au Kongo. Wiki chache baadaye anarudi kwa njia ileile. Njiani ameumwa na mbu wa kila aina. Huenda akapata homa ya siku mbili tatu, akanywa paracetamol, akapona na kusahau. Au asihisi chochote.

Tangu Oktoba 2019, mpaka wa Tunduma na Nakonde una Kituo cha Huduma kwa Pamoja, na wasafiri wa mipaka yetu wamezoea kupimwa joto la mwili. Kipimo hicho kina kazi yake. Lakini kuna kirusi kinachoenezwa na mbu ambacho mara nyingi hakileti homa, na ambacho kinaweza kubaki kwenye manii ya mwanaume wiki kadhaa baada ya damu yake kuwa safi. Kirusi hicho ni Zika.

Makala haya hayatangazi mlipuko. Tunaeleza jinsi wanasayansi walivyogundua kwamba ugonjwa wa mbu unaweza pia kupita kitandani, kwa nini walilazimika kutumia wanyama kulithibitisha jambo hilo, na lina maana gani kwa familia za mkoa wa mpakani kama Songwe.

Zika ni ugonjwa gani?

Kirusi cha Zika ni ndugu wa virusi vya dengue na homa ya manjano. Huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, hasa yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyu si mbu wa malaria, anayeuma zaidi usiku.

Watu wengi wanaoambukizwa, takriban wanne kati ya watano, hawaoni dalili. Wanaougua hupata homa ndogo, vipele, macho mekundu, maumivu ya viungo na ya kichwa, kwa siku mbili hadi saba. Vifo ni nadra. Baadhi ya watu wazima hupata tatizo la mishipa ya fahamu linaloleta udhaifu wa miguu na mikono.

Hatari kubwa iko kwa mtoto aliye tumboni. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito, kirusi kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kuharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa mama walioambukizwa wakati wa ujauzito hupata madhara yanayohusiana na Zika. Linalojulikana zaidi ni mtoto kuzaliwa na kichwa kidogo kuliko kawaida.

Hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na hakuna dawa ya kukiua kirusi hiki. Kinachobaki ni kinga, na ili ujikinge lazima ujue njia zote ambazo kirusi hupitia.

Kilianzia kwa jirani zetu, kwa tumbili mmoja

Historia ya Zika ilianza Afrika Mashariki, na ilianza kwa mnyama. Mwaka 1947, watafiti wa taasisi ya homa ya manjano iliyokuwa Entebbe, Uganda, waliweka tumbili kwenye vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, kando ya Ziwa Victoria. Walitaka kuona kama mbu wa msituni wangewaambukiza homa ya manjano. Aprili mwaka huo, tumbili aliyepewa namba 766 akapata homa.

Watafiti walichukua damu yake na kuwadunga panya. Baada ya siku kumi hivi, panya waliodungwa ubongoni wakaugua. Kilichopatikana hakikuwa homa ya manjano. Kilikuwa kirusi kigeni, nacho kikapewa jina la msitu ule. Januari 1948 kirusi hichohicho kikapatikana kwenye mbu wa Aedes africanus waliokamatwa msituni humo. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha taarifa hizo mwaka 1952.

Mwaka huohuo zilichapishwa pia taarifa za uchunguzi wa damu za watu wa Uganda na Tanganyika, na baadhi yao walionekana kuwa na kingamwili dhidi ya Zika. Tanganyika ilikuwa pia na kirusi chake cha mbu kilichotambuliwa hapa: chikungunya, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa nchi. Jina hilo limetoka kwenye Kimakonde, kwa sababu ya jinsi wagonjwa walivyokunjika kwa maumivu ya viungo.

Kwa miaka mingi Zika ilionekana kuwa jambo dogo. Hali ilianza kubadilika mwaka 2007 katika kisiwa cha Yap, bahari ya Pasifiki, ambako karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kisha ikaja Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013, na Brazil mwaka 2015. Tarehe 1 Februari 2016 WHO ilitangaza kwamba watoto waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo ni dharura ya afya ya kimataifa.

Mke ambaye hakusafiri

Mwaka 2008, mtafiti wa mbu kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, Brian Foy, alirudi nyumbani akitoka Senegal. Siku chache baadaye aliugua: vipele, uchovu, maumivu ya viungo, na damu kwenye manii. Kisha mke wake naye akaugua. Mke hakuwa amekwenda Senegal, na Colorado ya kaskazini haina mbu wa kueneza kirusi hicho. Watoto wao waliokuwa nyumba ileile hawakuugua.

Vipimo vya baadaye vilionyesha ni Zika. Taarifa ilichapishwa mwaka 2011, na waandishi wakasema njia inayoelekea zaidi ni kujamiiana. Desemba 2013, kisiwani Tahiti, kirusi hai cha Zika kilipatikana kwenye manii ya mgonjwa mwingine. Februari 2016, mamlaka za afya za Texas, Marekani, zikatangaza mtu aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyetoka nje ya nchi. Mwaka huohuo New York ikatoa taarifa ya mwanamke aliyemwambukiza mwanaume.

Kirusi kilikuwa kinapita, hilo halikuwa tena na ubishi. Maswali magumu yalikuwa mengine. Kinakaa wapi katika mwili wa mwanaume? Kinaendelea kuambukiza kwa muda gani? Mjamzito akiambukizwa kwa njia ya uke, mtoto yuko kwenye hatari kubwa zaidi?

Mtu mwenye dhamiri hawezi kumwambukiza mjamzito kwa makusudi ili aone mtoto atakavyozaliwa. Na mahali penye mbu wengi, mume na mke wakiugua pamoja, huwezi kujua kama wameambukizana au wote wameumwa na mbu. Hapo ndipo wanyama wa maabara walipohitajika. Katika chumba kisicho na mbu, njia inabaki moja tu.

Panya walionyesha nini

Kikwazo cha kwanza kilikuwa panya mwenyewe. Panya wa kawaida akidungwa Zika hupona haraka. Mwili wake hutoa kemikali za ulinzi ziitwazo interferoni, ambazo hukizima kirusi. Kwa binadamu Zika hujua kuzivuruga, kwa panya haijui. Kwa hiyo watafiti walitumia panya waliozaliwa bila uwezo wa kuitikia interferoni.

Utafiti wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, uliochapishwa mwaka 2017, ulichukua panya dume wa aina hiyo, ukawaambukiza, kisha ukawaweka na majike wasioambukizwa. Kirusi hai kilionekana kwenye manii kuanzia siku ya 7 hadi ya 21. Vinasaba vya kirusi viliendelea kuonekana hadi siku ya 58. Asilimia 73 ya madume waliambukiza, na nusu ya majike wakapata maambukizi. Baadhi ya waliobeba mimba walikuwa na watoto walioambukizwa tumboni.

Watafiti hao walijaribu pia madume waliokatwa mirija ya mbegu. Manii yao yalikuwa na kirusi kidogo zaidi, lakini bado yaliambukiza. Maana yake ni kwamba kirusi hakitoki kwenye korodani peke yake. Mwanaume aliyefunga uzazi asidhani yuko salama kwa sababu hiyo.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitazama upande wa jike. Mwaka 2016 watafiti wake walionyesha kwamba kirusi kikiwekwa ukeni huongezeka humohumo kwa siku kadhaa, hata kwa panya wa kawaida mwenye kinga kamili. Yaani uke ni mahali ambapo ulinzi wa mwili huchelewa kukizima. Majike waliowekewa kirusi ukeni mwanzoni mwa mimba walipata watoto waliodumaa tumboni, na kirusi kikakutwa kwenye ubongo wa watoto hao.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waliripoti kuwa Zika ilisinyaza korodani za panya dume na kupunguza mbegu zao. Habari hiyo ilitisha watu wengi. Tutaona hapa chini kilichoonekana kwa wanaume.

Tumbili walionyesha nini

Panya yuko mbali na binadamu, na panya asiye na kinga yuko mbali zaidi. Ndiyo maana watafiti waliwarudia tumbili, wakiwemo wa aina ya rhesus, aina ileile ya namba 766. Hawa wana kinga kamili na mfumo wa uzazi unaofanana zaidi na wetu.

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, kirusi kiliwekwa ukeni au kwenye njia ya haja kubwa. Nusu ya tumbili waliowekewa ukeni waliambukizwa. Waliowekewa njia ya haja kubwa waliambukizwa wote.

Jambo la tatu katika utafiti huo ndilo linalogusa mji kama wetu. Kiasi cha kirusi kilichokuwa kwenye damu ya tumbili hao kiliwafanya watafiti waamini kwamba mtu aliyeambukizwa kwa kujamiiana anaweza, akiumwa na mbu anayefaa, kumpa mbu huyo kirusi. Chukua mfano wa msafiri aliyeambukizwa mbali. Anafika nyumbani, mbu hawajamgusa, lakini mwenzi wake anaambukizwa. Baadaye mbu wa mtaani anamuuma mwenzi huyo, na kirusi kinapata njia yake ya kawaida. Kwa hiyo kujamiiana kunaweza kukivusha kirusi kutoka sehemu moja hadi nyingine, hata kama safari yenyewe haikuwa na mbu.

Wanyama hawakusema kila kitu

Tukiishia hapo tutakuwa tumewatisha wasomaji bila haki. Matokeo ya wanyama yalipopimwa kwa watu, mengine yalisimama na mengine yalipungua makali.

Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanaume 184 waliougua Zika, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Theluthi moja, yaani wanaume 60, walikuwa na vinasaba vya kirusi kwenye manii, na kwa wengi wao vilikwisha ndani ya miezi mitatu. Lakini kati ya sampuli 78 zenye vinasaba zilizochunguzwa zaidi, kirusi hai kilipatikana katika 3 tu, zote za ndani ya siku 30 tangu kuugua. Kukuta manyoya bandani si kukuta kuku. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha mabaki ya kirusi ambacho hakiwezi tena kuambukiza. Hata hivyo mpangilio ulikuwa uleule wa panya: kirusi hai kwa muda mfupi, mabaki kwa muda mrefu.

Kuhusu uzazi wa wanaume, watafiti wa Ufaransa waliwafuatilia wanaume 15 walioambukizwa Guadeloupe. Idadi ya mbegu ilishuka katika mwezi wa kwanza, kisha ikapanda tena ndani ya miezi minne. Kusinyaa kwa korodani kama kwa panya hakukuonekana.

Na wataalamu wa hesabu za magonjwa waliotumia takwimu za Brazil, Colombia na El Salvador walikadiria mwaka 2016 kuwa kujamiiana kulichangia kama asilimia 3 tu ya uenezaji. Mbu ndiye msambazaji mkuu. Kujamiiana peke yake hakutoshi kuendesha mlipuko, lakini kunatosha kumfikia mjamzito mmoja ambaye amejifunika vizuri dhidi ya mbu.

Hapa kwetu tunajua nini?

Desemba 2016, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, Dkt. Mwele Malecela, alitangaza kwamba kati ya watu 533 waliopimwa katika utafiti, asilimia 15.6 walionekana kuwa wamepata maambukizi ya Zika. Serikali ilisisitiza kuwa Tanzania haina mlipuko wa ugonjwa huo, na uteuzi wake ukatenguliwa mara moja. Baadaye alifanya kazi WHO, Geneva, hadi alipofariki mwaka 2022.

Mjadala ule uliwachanganya wengi, kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kingamwili kwenye damu ni alama kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi, pengine zamani. Mlipuko ni watu wengi kuugua kwa wakati mmoja. Unaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Isitoshe, kwa kuwa Zika na dengue ni ndugu, baadhi ya vipimo vya kingamwili huzichanganya.

Upande wa pili wa mpaka, utafiti uliofanywa Zambia katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini-Magharibi ulikuta alama za Zika kwa asilimia 6 ya waliopimwa. Na nyanda zetu si ngeni kwa virusi vya mbu. Damu za watu 1,228 zilizochukuliwa mwaka 2007 na 2008 katika Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha eneo ambalo leo ni Songwe, zilionyesha asilimia 5.2 walikuwa wamewahi kuambukizwa homa ya Bonde la Ufa. Karibu na Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, kiwango kilikaribia asilimia 30.

Jambo jingine limejulikana mwaka 2021. Watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa walilinganisha aina za kirusi za Afrika na zile za Asia, ambazo ndizo zilizofika Brazil. Aina za Afrika zilienezwa na mbu kwa urahisi zaidi na ziliua zaidi vijusi vya panya. Watafiti wakaonya kuwa huenda Zika ya Afrika ikaharibu mimba mapema badala ya kuleta mtoto mwenye kichwa kidogo, na mimba iliyoharibika mapema ni rahisi kupita bila kuulizwa chanzo.

Je, mbu anaweza kuleta UKIMWI?

Kila tukizungumzia ugonjwa wa mbu unaopita kwa ngono, swali hili hufuata. Jibu ni hapana. Kirusi cha Zika huzaliana ndani ya mbu na kufika kwenye mate yake. VVU haviwezi kuzaliana ndani ya mbu, humeng'enywa pamoja na damu aliyonyonya. Na malaria haiambukizwi kwa kujamiiana. Kila ugonjwa una njia zake.

Ufanye nini?

Ushauri wa WHO umetokana na tafiti za watu na wanyama tulizoeleza, na ni huu:

- Mwanaume aliyetoka eneo lenye maambukizi ya Zika atumie kondomu au asishiriki tendo la ndoa kwa miezi 3 tangu aliporudi, hata kama hakuugua.
- Mwanamke aliyetoka eneo hilo afanye hivyo kwa miezi 2.
- Kama mke ni mjamzito, kondomu itumike, au tendo lisitishwe, kwa muda wote wa ujauzito.
- Wanaopanga kupata mtoto wasubiri muda huo uishe kwanza.

Kondomu hiyohiyo inazuia VVU, kaswende na kisonono, kwa hiyo dereva, utingo, mfanyabiashara au wakala wa forodha anayesafiri mara kwa mara hana cha kupoteza. Tuongeze kwamba Zika si alama ya uzinzi. Mume mwaminifu anaweza kuumwa na mbu akiwa kazini na kumletea mke wake kirusi bila kujua. Wenzi walizungumze hili bila kutuhumiana, na tusiwanyooshee kidole madereva wala akina dada wanaofanya kazi kwenye gesti za mpakani.

Nyumbani, funika mapipa na madumu ya maji, yasugue ndani kila wiki, ondoa matairi chakavu, makopo na vifuu vinavyotuama maji. Chandarua cha usiku ni muhimu kwa malaria, lakini mbu wa Zika anauma mchana, kwa hiyo mjamzito na mtoto wanaolala mchana watumie chandarua pia, na nguo ndefu husaidia.

Ukipata homa, anza na kipimo cha malaria. Kisipoonyesha malaria, mwambie mhudumu wa zahanati umesafiri wapi na lini. Usimeze aspirini kabla ya kuhakikishiwa kuwa si dengue, maana inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mjamzito ambaye yeye au mume wake amesafiri aseme hivyo kliniki mapema, hata kama hakuna aliyeugua. Kipimo cha joto pale mpakani hakiwezi kumjulisha mkunga kwamba baba wa mtoto alirudi mwezi uliopita. Wanaoweza kumweleza ni mama na baba wenyewe.